NEMBO KAMA KAULI: METHALI KATIKA BENDERA ZA ASAFO ZA WAFANTE

1. Utangulizi

Chama cha jamii kinapoundwa, hutafutiwa kwanza jina, kisha nembo. Jina huchunguzwa sana: huulizwa maana yake, asili yake, na kama halitamuudhi mtu. Nembo haichunguzwi hivyo. Aghalabu huachiwa mchoraji, naye huambiwa tu aweke kitu cha kiasili: ngao, mkuki, chungu, ngoma au mti mkubwa. Matokeo yake ni kwamba nembo nyingi hufanana, na mwanachama akiulizwa maana ya mchoro uliomo hujibu kwa neno moja la jumla, kama vile "umoja" au "utamaduni".

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika baadhi ya jamii za Kiafrika nembo ya chama haikuwa pambo, wala haikuwa kielelezo cha wazo la jumla. Ilikuwa kauli, yaani sentensi kamili ya lugha fulani, iliyosemwa na watu fulani kwa watu fulani. Mfano utakaochunguzwa ni bendera za vikosi vya asafo vya Wafante wa pwani ya Ghana. Kutokana na mfano huo itadaiwa kwamba asili ya ishara haimo katika kitu kilichochorwa, bali imo katika sentensi inayobebwa na mchoro. Na kwamba sentensi hiyo ikipotea, mchoro hubaki bubu, na yeyote aweza kuusemea.

2. Asafo ni nini

Wafante ni tawi la Waakan, na Kifante ni mojawapo ya lahaja kuu za Kiakan. Neno asafo hufafanuliwa kwa kawaida kuwa limeundwa na sehemu mbili: sa, yaani vita, na fo, kiambishi kinachoonyesha watu. Kwa maana ya msingi, basi, asafo ni "watu wa vita". Kila mji wa Kifante una kikosi kimoja au zaidi. Mji wa Cape Coast una vikosi saba: Bentsir, Anaafo, Ntsin, Nkum, Brofomba, Akrampa na Amanful. Mji wa Winneba, ambao wakazi wake wa asili ni Waefutu lakini wamepokea mfumo huo huo, una viwili, Tuafo na Dentsefo, ambavyo hushindana kila mwaka katika sikukuu ya Aboakyer ili ijulikane ni kikosi kipi kitakachokuwa cha kwanza kumleta paa hai mbele ya mtawala.

Jambo moja la muundo wa jamii lafaa litajwe, maana laeleza uzito wa bendera hizi. Waakan huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mali na cheo hurithiwa kwa njia hiyo. Uanachama wa asafo, kinyume chake, hufuata upande wa baba. Mtoto huingia katika kikosi cha baba yake. Kwa hiyo ndugu wa ukoo mmoja waweza kujikuta katika vikosi viwili vinavyohasimiana, na bendera ya kikosi ndiyo inayoonyesha hadharani urithi ambao mtoto ameupata kwa baba.

Kazi za asafo hazikuwa za vita peke yake. Vikosi vilisafisha njia, vilitafuta watu waliopotea baharini au msituni, vilizika wafu wao, na vilikuwa sauti ya watu wa kawaida katika kumtawaza mtawala na hata katika kumwondoa. Baada ya utawala wa Kiingereza kukomesha vita vya miji, kazi hizo za kijamii na za sherehe ndizo zilizobaki. Kikosi huongozwa na supi, na chini yake wako makapteni waitwao asafohene. Yuko mpiga ngoma, na yuko mbeba bendera, ambaye si mbebaji tu bali ni mchezaji stadi: huizungusha bendera, huipitisha chini ya mguu, huificha na kuifunua, kama mtu anayechelewesha neno la mwisho ili walio mbele yake wangojee.

3. Bendera na methali

Bendera huitwa frankaa. Ni kitambaa cha pamba chenye upana wa takriban mita moja na urefu wa mita moja na nusu. Michoro yake haipakwi rangi, bali hukatwa katika vitambaa vya rangi nyingine na kushonewa juu, pande zote mbili, na pembeni mara nyingi huwekwa matamvua meupe. Katika pembe ya juu iliyo karibu na mlingoti hushonwa bendera ya dola: kabla ya 1957 ilikuwa ya Uingereza, na tangu uhuru wa mwaka huo imekuwa ya Ghana, yenye rangi nyekundu, ya dhahabu na ya kijani, pamoja na nyota nyeusi. Kwa desturi, kapteni mpya hutengeneza bendera mpya kwa gharama yake anapoingia katika cheo, kisha bendera hiyo huwa mali ya kikosi.

Sehemu iliyo kubwa ya kitambaa huachiwa picha. Watu, wanyama, mitumbwi, miti, mizinga na vyombo vya nyumbani huonekana humo, wakubwa na wazi, ili waweze kutambuliwa kwa mbali katika msongamano wa watu. Lakini kuvitambua vitu hivyo si kuisoma bendera. Bendera husomwa pale tu mtazamaji anapoikumbuka methali, majigambo au msemo unaokaa ndani ya picha. Wanazuoni Herbert Cole na Doran Ross, katika kitabu chao cha 1977 kuhusu sanaa za Ghana, walieleza kwa kirefu kifungo hiki kati ya neno na picha katika sanaa za Waakan. Kifungo hicho hakiko katika bendera peke yake. Fimbo za wasemaji wa watawala, waitwao akyeame, huwa na vinyago kichwani. Mkono ulioshika yai husema kwamba madaraka ni kama yai: ukilibana hupasuka, ukililegeza huanguka. Vichwa vilivyo pamoja husema kwamba kichwa kimoja hakiendi barazani kufanya shauri.

Mifano michache ya bendera yatosha. Bendera moja huonyesha mamba na samaki: msemo wake ni kwamba samaki hunenepa kwa faida ya mamba, naye mamba ndiye mtawala wa mto. Nyingine huonyesha jogoo na ndege wa msituni ambaye mlio wake husikika alfajiri: kikosi chenye bendera hiyo chadai kwamba ndicho kinachowaamuru wote wawili, yaani ndicho kilichotangulia vikosi vingine kuwapo. Nyingine humwonyesha mtu mwenye kikapu juu ya mpungate: wenye bendera hujigamba kwamba wao waweza kuchukua maji kwa kikapu, na mpungate wakaufanya ngata.

Tena iko bendera ya garimoshi. Reli ya kwanza ya nchi hiyo ilianza kujengwa kutoka Sekondi mwaka 1898 na ikafika Kumasi mwaka 1903, na haukupita muda mrefu kabla ya garimoshi kuingia katika bendera za Wafante. Msemo wake ni kwamba kikosi, kama garimoshi, kiko tayari daima kuondoka. Mfano huu una uzito wa pekee katika hoja ya makala haya. Mtu anayetafuta uasilia katika vitu angeuondoa mchoro huo mara moja, kwa kuwa garimoshi lilitoka ng'ambo. Lakini kwa Wafante bendera ya garimoshi si ya kiasili kidogo kuliko bendera ya mamba. Zote mbili zimejengwa kwa utaratibu mmoja: kitu kinachojulikana na wote hugeuzwa kuwa majigambo ya lugha ya nyumbani. Kilicho cha asili ni utaratibu huo wa kusema.

4. Picha haina viambishi vya nafsi

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kupata kitu cha kulinganisha. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina hilo mara nyingi ni methali au fumbo. Watu wamejibizana kwa kanga kwa miaka mingi, na kila ajuaye mitaa ya pwani ajua kwamba kanga moja ikivaliwa mbele ya mtu fulani, siku fulani, yaweza kuvunja ujirani. Hata hivyo kuna tofauti kubwa. Katika kanga maneno yameandikwa, na picha ya mji si lazima ihusiane nayo. Katika bendera ya asafo ni picha inayosema, na maneno hukaa vichwani mwa watu. Kanga yamtaka mtu ajuaye kusoma. Frankaa yamtaka mtu aliyelelewa katika lugha.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi na, panapohitajika, cha mtendwa: tunawatawala, mnatutawala, wanatawaliwa. Kwa kawaida tendo halitamkwi bila kuonyeshwa ni la nani. Picha haina viambishi hivyo. Mamba na samaki wameshonwa kitambaani, lakini hakuna alama inayosema ni nani mamba na ni nani samaki. Nafsi hutolewa na mahali: anayeibeba bendera ni nafsi ya kwanza, na anayekutana nayo njiani ni nafsi ya pili. Bendera ile ile ikikaa katika nyumba ya kikosi haimtukani mtu. Ikitembezwa katika mtaa wa kikosi kingine, wenye mtaa huona kwamba wameitwa samaki.

Hapa ndipo penye chanzo cha magomvi mengi. Historia ya miji ya Wafante katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ina visa vingi vya vikosi kupigana, na watu kuuawa, kwa sababu ya rangi, nyimbo na bendera. Kila kikosi kilikuwa na rangi na michoro yake, na kutumia mchoro wa wengine kulihesabiwa kuwa unyang'anyi. Serikali ya kikoloni ililazimika kuingilia, na ilifanywa kanuni kwamba bendera mpya ionyeshwe na kukubaliwa kabla ya kutolewa hadharani. Watawala wa kigeni, ambao hawakuijua lugha, walijifunza kwa njia ngumu kwamba kipande cha kitambaa chenye samaki chaweza kuwa shtaka.

Afrika ya Mashariki nayo imewahi kuona vyama vilivyoshindana kwa alama. Vyama vya beni, vilivyochipuka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, kama Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, vyeo na ngoma. Katika vyama hivyo vilevile alama ya chama ilikuwa neno lililoelekezwa kwa wapinzani, na ilipimwa kwa jinsi wapinzani walivyojibu.

5. Sentensi inapopotea

Ili kuona hasara inayotokea ishara inapotengwa na sentensi yake, yafaa kutazama ishara nyingine ya Waakan iliyosafiri mbali zaidi kuliko bendera za asafo. Sankofa ni mojawapo ya alama za adinkra, ambazo hupigwa chapa juu ya vitambaa. Kitambaa cha adinkra cha zamani zaidi kinachojulikana kilichukuliwa na Thomas Edward Bowdich mwaka 1817 na kimehifadhiwa London katika British Museum. Sankofa huchorwa kwa namna mbili: ndege aliyegeuza kichwa nyuma, au umbo linalofanana na moyo. Leo alama hiyo imo katika nembo za vyama vingi vya watu wenye asili ya Kiafrika huko Marekani na Ulaya, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa "jifunze kutokana na yaliyopita".

Jina lenyewe ni mfululizo wa vitenzi vitatu: san, rudi; kɔ, enda; fa, chukua. Kiakan huviweka vitenzi hivyo kimoja baada ya kingine bila kiunganishi. Kiswahili kina njia yake ya kulisema jambo hilo, nayo ni kiambishi -ka-: rudi ukachukue. Methali nzima, hata hivyo, ni ndefu kuliko jina. Yasema kwamba ukisahau kitu kisha ukarudi kukichukua, si mwiko. Kitenzi cha mwisho, kyi, ni kile kinachotumiwa kwa mambo ambayo mtu au ukoo huyaepuka kwa miiko, na katika methali hii kimekanushwa.

Tofauti kati ya methali na tafsiri yake ya kawaida si ndogo. Tafsiri ni amri: itazame historia. Methali haiamuru, bali humruhusu mtu arudi na kumwondolea haya. Inamhusu mtu aliyekwisha kusahau, anayeogopa kwamba kurudi kwake kutachekwa, nayo humwambia kwamba hakuna mwiko unaomzuia. Kwa watu ambao mababu zao walichukuliwa kwa nguvu na kunyang'anywa lugha zao, maana hiyo ya pili ndiyo iliyo nzito. Lakini picha haiwezi kukanusha, kama isivyoweza kuonyesha nafsi. Ndege aliyegeuza shingo hawezi kusema "si mwiko". Kinachoweza kusema hivyo ni lugha tu, na lugha ndiyo iliyoachwa nyuma.

Hasara hiyo yaweza kuwafikia hata wataalamu. Mwaka 1991, wakati wa ujenzi wa jengo la serikali huko New York, yaligunduliwa makaburi ya Waafrika wa karne ya 17 na ya 18, na mabaki ya watu 419 yalifukuliwa. Juu ya kifuniko cha jeneza moja misumari ilikuwa imepangwa katika umbo la moyo. Umbo hilo lilifasiriwa kuwa sankofa, na likachongwa katika mnara wa kumbukumbu uliofunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2010 mwanahistoria Erik Seeman alipinga ufasiri huo: alionyesha kwamba umbo la moyo lilikuwa pambo la kawaida katika majeneza ya Waingereza na Wamarekani wa wakati huo, na kwamba hakuna ushahidi wa matumizi ya sankofa ya adinkra katika karne hiyo. Makala haya hayataamua shauri hilo. Linalotakiwa kuonekana ni sababu ya shauri kuwapo. Aliyeipanga misumari hakuacha neno, na bila neno umbo la moyo laweza kuwa sentensi ya Kiakan au desturi ya seremala wa Kiingereza, na macho hayawezi kuchagua.

Bendera za asafo zenyewe hazikuepukana na mkasa wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1980 nyingi zimenunuliwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na nyingine zimeshonwa kwa ajili ya soko hilo na kuchakazwa ili zionekane kuukuu. Bendera iliyoning'inizwa ukutani mbali na mji wake, bila jina la kikosi na bila methali, husifiwa kwa rangi zake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni kama kusifu mwandiko wa barua isiyosomeka.

6. Sheria na lugha

Huenda ikasemwa kwamba jambo hili ni la sheria. Kweli sheria zimetungwa. Sheria ya hakimiliki ya Ghana ya 1985, na baadaye ile ya 2005, zimezitaja adinkra na kente miongoni mwa mali za sanaa ya jadi, na sheria ya 2005 imeweka haki hizo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 katika kifungo cha 11 yatambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi yataka jamii yenye mali iombwe idhini kabla mali hiyo haijatumiwa na wengine.

Sheria hizo ni za lazima, lakini zajibu swali moja tu: ishara ni ya nani. Swali la pili, yaani ishara yasema nini, halijibiwi na mahakama. Mfano wa nyumbani wapatikana katika ngao ya Kimaasai, ambayo umbo lake limo katika bendera ya taifa tangu 1963 na katika nembo nyingi za vyama. Michoro iliyopakwa juu ya ngao za Wamaasai iliitwa sirata, nayo ilimtambulisha shujaa kwa rika lake na kwa sehemu ya nchi aliyotoka. Ajuaye aliweza kuisoma ngao kabla hajauona uso wa aliyeishika. Chama kinachochora ngao bila kuuliza habari za sirata kimechukua ubao na kuyaacha maandishi.

Haifuati kwamba chama kisichokuwa cha Wamaasai kisitumie ngao, wala kwamba vyama vya leo virudie magomvi ya mamba na samaki. Lifuatalo ni jambo la utaratibu. Wafante walianza na msemo, kisha wakatafuta picha. Waundaji wa nembo wa siku hizi huanza na picha, kisha wakatafuta maneno ya kuieleza. Chama kinachotaka nembo ya kiasili kingeanza kwa kuwauliza wazee wake, katika lugha yao, ni msemo gani unaokifaa. Kisha kuuliza msemo huo husemwa na nani kwa nani, na ni nani atakayejiona ametajwa ndani yake. Picha ingekuja mwisho. Na msemo wenyewe, katika lugha ulimozaliwa, pamoja na tafsiri yake, ungeandikwa katika katiba ya chama kando ya maelezo ya nembo.

7. Hitimisho

Kazi hiyo ya kuuliza na kuandika si ya wachoraji. Ni ya watu wa lugha. Idara za lugha za Kiafrika zimekusanya methali kwa wingi, nazo zimechapishwa kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na tafsiri yake. Mkusanyo wa namna hiyo hauonyeshi ni methali zipi zilizochongwa, zilizofumwa, zilizoshonwa au zilizopakwa rangi, wala ni chama gani kilichozimiliki. Katika miji ya Wafante wako wazee ambao bado waweza kuitazama frankaa na kuitamka methali yake. Katika nchi nyingine wazee wa namna hiyo wanapungua, na kila mmoja wao anapoondoka, baadhi ya picha zinazobaki hazitasomwa tena na mtu.